Ripoti ya kansa ya umio imeandika N1 au N2? Isome hivi kabla hujakata tamaa

Kama umeshika ripoti ya mzazi wako imeandikwa T3 N1 M0 na daktari kaipitia haraka haraka, tuisome pamoja taratibu. T ni kansa imechimba ukuta wa umio (bomba la kupitisha chakula toka kooni mpaka tumboni) kiasi gani, M ni kama imefika viungo vya mbali, na hiyo N ndo matezi ya limfu (vitezi vya kinga ya mwili), yale yaliyojipanga kando ya umio toka shingoni mpaka juu ya tumbo. Umio una mishipa ya limfu karibu kabisa na utando wake wa ndani, ndo maana kansa hii inawahi kuingia kwenye matezi, na inaweza kuruka tezi la jirani ikatokea la mbali.

N0 hakuna tezi lenye kansa, N1 ni tezi 1 au 2, N2 ni 3 mpaka 6, N3 ni 7 kwenda juu. Yanahesabiwa matezi, sio ukubwa wake.

Sasa angalia herufi ndogo kabla ya N, watu wengi wanairuka na ina maana kubwa. Ikiwa c, basi ni makadirio ya vipimo kama siti skani, na skani inaweza kukosea, tezi linaweza kuvimba kwa TB au maambukizi mengine, na tezi dogo likawa na kansa ndani, kwahiyo uliza kama inawezekana kulichoma sindano lipimwe. Ikiwa p, matezi yametolewa kwenye upasuaji yakapimwa kwa hadubini. Ikiwa yp, yamepimwa baada ya kemo (dawa za kuua seli za kansa) au mionzi, na ypN0 ni habari njema kweli.

Kwenye ripoti ya upasuaji tafuta pia matezi mangapi yalipimwa. 0 kati ya 20 inatia moyo kuliko 0 kati ya 5, maana yakipimwa machache, lenye kansa linaweza kuwa limebaki. Wataalamu wanapendelea angalau 15.

Kuhusu muda wa kuishi, takwimu za Marekani zinaonyesha kansa ikiwa bado kwenye umio tu karibu nusu ya wagonjwa wanafika miaka 5, ikiingia matezi ya karibu ni robo na kidogo, ikienda mbali ni kama 5 kati ya 100. Huku kwetu wengi wanafika hospitali chakula hakipiti tena, hali inakuwa ngumu zaidi. Ila N1 sio hukumu jamani, na tezi 1 sio sawa na 6!

Uliza moja kwa moja: je, mgonjwa anaweza kupata kemo na mionzi kabla ya upasuaji? Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2012, unaoitwa CROSS, ulionyesha nusu ya waliopewa tiba hiyo kwanza waliishi zaidi ya miezi 49, waliopasuliwa tu ilikuwa 24, na walikuwemo wenye kansa kwenye matezi. Aina ya skwamasi (inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa umio), ndo iliyojaa Afrika Mashariki, ilinufaika zaidi.

Wakati mnasubiri tiba mpimeni uzito kila wiki, akipungua au uji ukianza kukwama msingoje tarehe ya kliniki, mrudisheni, kuna stenti (kibomba kinachowekwa ndani ya umio) ya kufungua njia, hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, wamewawekea wagonjwa wengi sana, na kuna mpira wa kulishia. Ila kama upasuaji bado unawezekana, muulizeni kwanza daktari wa upasuaji kabla stenti haijawekwa.