Somo: Kuwinda kulungu ukiwa garini, Michigan (kwa wasioweza kutembea)

Swali ni "asiyeweza kutembea anaruhusiwa kuwinda akiwa garini?" Naliweka jibu hapa mara moja, maana nimechoka kulijibu kila msimu.

Jimbo la Michigan, Marekani, haliruhusu kumpiga mnyama ukiwa ndani au juu ya gari. Asiyeweza kutembea anaomba kibali cha gari lililosimama kutoka DNR, idara ya maliasili ya jimbo.

1. Kata leseni ya msingi (dola 11) na ya kulungu (dola 20), kwa mkazi. Kibali si leseni.

2. Umezaliwa 1 Januari 1960 au baadaye? Kozi ya usalama kwanza.

3. Fomu ya kuomba kibali. Wengi hukwama hapa. Sheria inamtaja asiyeweza kutembea: aliyepooza miguu, aliyekatwa kiungo, au aliyelemazwa kwa kudumu na ugonjwa au jeraha. Daktari akiandika "anatembea kwa shida" au "goti linamuuma", hesabu umekosa. Aandike wazi mambo mawili: hawezi kutembea, na hali ni ya kudumu. Mguu uliovunjika na utakaopona haumo. Kadi ya maegesho ya walemavu nayo SI kibali.

4. Simama, zima injini, ndipo upakie risasi. Kabla ya kusogea hata hatua kumi, toa risasi, bunduki irudi kwenye mkoba wake. Gari linalotambaa halijasimama.

5. Futi 450 kutoka nyumba ya watu, isipokuwa wenyewe wamekuruhusu.

6. Ukipata, ripoti DNR ndani ya saa 72.

MASWALI

– Kaka, kadi ya maegesho si inatosha?
– Namba 3.

– Lakini rafiki yangu aliitumia...
– Rafiki yako si askari wa wanyamapori. Namba 3.

– Shikamoo mzee. Mwenye kibali anapiga dume tu?
– Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Sheria inamruhusu dume au jike, mradi msimu uko wazi na leseni anayo. Tena kibali hichohicho kinamwingiza kwenye Liberty Hunt, ile wikendi ya Septemba ya uwindaji wa vijana na walemavu. Avae rangi ya chungwa.

– Na asiyeona?
– Anaruhusiwa kulengea kwa leza. Lazima awe na mtu mzima anayeona.

– Nyongeza: egemeza bunduki dirishani juu ya mfuko wa mchele, kilo moja hivi. Mtutu utoke nje kabisa.
– Ahsante dada. Na vizuia-sauti masikioni, mlio ndani ya gari si mchezo.