Namna ya Kumngojea Mungu Ukiwa Katika Dawa za Kifua Kikuu

Anayeanza dawa za kifua kikuu huambiwa mapema kwamba matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miwili ya kwanza kwa dawa za aina nne, na minne inayofuata kwa dawa za aina mbili. Kwa mtu aliyekwisha kuombewa na akaamini kwa moyo wote, hesabu hiyo huuma, kwa kuwa hujiuliza kama Mungu amemsikia. Anza, basi, kwa kuacha kushindanisha sala na vidonge. Mfalme Hezekia alipougua na kulia mbele za Bwana aliahidiwa kupona na kuongezewa miaka 15, na bado nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake.

Chagua saa moja isiyobadilika, kwa kufuata maelekezo ya mhudumu wa afya, na saa hiyo uifanye pia kuwa ya sala. Mjomba wangu, ambaye mimi ndiye niliyemsimamia dawa, alikuwa akivimimina vidonge kiganjani, anavihesabu kwa sauti, anasema, "Baba, leo ni siku ya 41," ndipo anameza. Siku za mwanzo alishtushwa na mkojo wenye rangi ya chungwa. Rangi hiyo hutokana na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, wala si dalili mbaya. Macho yakigeuka manjano, hilo ni jambo jingine: nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Kipindi cha kuogopa zaidi ni pale kikohozi kinapokoma na mwili unapoanza kurudi, kwa sababu hapo ndipo mgonjwa hujiona amepona na kuziacha dawa, ilhali vimelea vilivyobaki vinaweza kuwa sugu na kumrudisha katika matibabu magumu zaidi. Wakati huo soma Marko sura ya 8, habari za kipofu wa Bethsaida, ambaye baada ya kuguswa mara ya kwanza aliwaona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumwacha aende na nusu ya kuona, bali alimwekea mikono tena. Ukitaka kutoa ushuhuda kanisani, utoe kwa furaha, na kesho yake umeze dawa kama kawaida. Anayekutaka uzitupe ili kuthibitisha imani yako usimsikilize, hata kama ni mchungaji wako. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nimewahi kumzika mtu aliyetii maneno ya namna hiyo.

Moyo nao una majira yake, na aghalabu huchelewa kuliko mapafu. Usijilazimishe kushangilia. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne, nawe una ruhusa ya kuuliza hivyo hivyo, kwa sauti, mbele za Mungu, kisha umtafute mtu mmoja wa kumweleza yale yanayokuaibisha.

Mjomba alimaliza dawa na makohozi yake yakapimwa yakawa safi, lakini aliendelea kuketi mlangoni, mbali na wajukuu, akinywea kikombe cha bati alichojitengea mwenyewe. Mkewe hakumharakisha. Kila jioni aliweka kikombe cha udongo mahali pake mezani, akamimina chai, akakiacha hapo, mpaka jioni moja mjomba alipoingia ndani na kukishika.