Kabla hujazima arifa za kamera ya nyumbani

Ukishazoea kufuta arifa za kamera bila kuzitazama, siku mtu akiruka ukuta utaifuta na hiyo pia. Ndiyo maana arifa za bure, zile zinazolia bila sababu ya maana, ni hatari, wala si kero tu. Wengi wakichoka huzima arifa zote, au hushusha usikivu wa kamera mpaka chini kabisa. Njia zote mbili zinakuacha bila ulinzi. Kazi inaanzia ukutani kamera ilipofungwa, halafu ndipo unakuja kwenye simu.

Kwa siku 3 usibadilishe kitu. Chukua karatasi, na kila arifa ikiingia andika saa na kilichoonekana: paka, taa za gari, mdudu, mvua, mtu. Mara nyingi utakuta sababu moja au mbili ndizo zilizojaza karatasi. Arifa moja inayokuja kila siku mnamo saa 12:30 jioni, bila mtu kuonekana, kwa kawaida ni kamera yenyewe inapotoka kwenye picha ya rangi kwenda ya usiku. Zinazofuatana usiku wa manane zikiwa na mapovu meupe yanayoelea ni wadudu. Za mchana, jua na mawingu vikipokezana, ni vivuli.

Jua pia kamera yako inatambua vipi mwendo, maana kamera za betri na za umeme hazikosei kwa namna moja. Nyingi za betri zina senza ya joto: huamka kitu chenye joto tofauti na mazingira kinapopita mbele yake. Usiielekeze kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi, bomba la moshi la jenereta au jiko la mkaa. Senza hii humwona vizuri anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, na mchana wa joto kali, hewa inapokaribia joto la mwili, inaweza kumkosa mtu kabisa. Za umeme nyingi hulinganisha picha na picha, kwa hiyo chochote kinachobadilika, hata kanga iliyoanikwa kwenye kamba, ni mwendo.

Sasa panda ngazi. Kimo cha mita 2.5 hadi 3 kinafaa nyumba nyingi. Inamisha kamera mpaka mbingu na barabara zitoke kwenye picha, ubaki na ua, geti na mlango. Ukiweza, usiielekeze mashariki wala magharibi; huku kwetu karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu na pande hizo mwaka mzima, na litaipiga kioo asubuhi au jioni. Mabati mapya ya jirani nayo hurudisha mwanga kama kioo. Kata matawi na majani yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka kwenye kamera. Jani dogo la mpapai lililo karibu linachukua nafasi kubwa ya picha kuliko mtu aliye getini.

Wadudu wanahitaji uangalifu wa pekee. Usiku kamera huwasha taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zilizozunguka kioo. Uzi mmoja wa buibui ukining'inia mbele yake unang'aa mweupe kama kamba, na upepo ukiutikisa simu inalia mpaka alfajiri. Mjusi kafiri naye hupenda kukaa hapo akivizia mbu. Futa kioo na kingo zake kila wiki kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Dawa ya wadudu usiipulizie kwenye kioo, huacha ukungu. Kama kuna balbu ya kawaida karibu na kamera, ihamishe angalau mita 2 au 3, hasa kabla ya msimu wa kumbikumbi. Kinachosaidia zaidi, kama programu ya kamera kwenye simu inaruhusu, ni kuzima infraredi ya kamera na kumulika ua kwa taa iliyofungwa mbali nayo.

Ndipo ufungue programu. Chora eneo la kutazamwa likifuata ardhi ambapo miguu ya mtu itakanyaga, wala usichore fremu nzima. Acha nje njia ya bodaboda, kamba ya nguo na ua wa jirani. Huyo naye ana haki ya kutorekodiwa. Kama kuna chaguo la kutambua watu, arifa ziwe za watu tu, lakini kurekodi kuendelee kwa kila mwendo kwenye memori kadi. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowapotezea watu ushahidi. Usikivu uanzie katikati, kisha ushushe ngazi moja moja, na kila ukishusha mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni. Arifa isipokuja, rudisha ngazi moja.

Ratiba ya saa za arifa nayo ina mtego wake. Kamera iliyobaki kwenye saa za China, UTC+8, iko mbele ya saa zetu kwa saa 5. Ukiipangia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, itaanza saa kumi na moja jioni watoto wakiwa bado wanacheza uani, na itazimika saa saba usiku. Weka UTC+3, saa za Afrika Mashariki, kisha chomoa kamera kwenye umeme, subiri dakika 5, uirudishe na utazame saa kwenye picha. Kamera nyingi hupoteza saa umeme ukikatika, na huipata tena pale tu intaneti inaporudi. UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) ya rauta na kamera inaondoa pia zile arifa za "kifaa hakipo mtandaoni" kila umeme unapocheza.

Malizia na jaribio la usiku. Taa za nje zizimwe, isipokuwa ile ya kumulika ua kama umezima infraredi, mtu avae nguo nyeusi, atembee taratibu akiambaa ukuta hadi dirishani. Hesabu sekunde mpaka simu ilie. Mvua za kwanza zikinyesha rudia jaribio hilo, kwa sababu majani uliyokata yatakuwa yameota upya.