Kukokotoa umbali na muda wa ndege kutoka Entebbe hadi Arua

Usitumie kilomita za barabara. Gari la Arua huzunguka Karuma na Pakwach. Ndege hukata moja kwa moja.

Chukua kwenye ramani ya simu namba mbili za kila uwanja. Entebbe: latitudo 0.04 kaskazini, longitudo 32.44 mashariki. Arua: 3.05 na 30.92. Toa latitudo ndogo kwenye kubwa, upate 3.01, longitudo zinatoa 1.52. Zidisha kila moja kwa 111, kwani hapa karibu na ikweta digrii moja ni takriban kilomita 111 pande zote mbili. Utapata 334 na 169. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: kama kilomita 375.

Wengi hukosea wakikokotoa safari ya Entebbe hadi Kihihi. Uwanja huo uko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo zake na za Entebbe hujumlishwa, hazitolewi.

Sasa muda. Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, huenda kama kilomita 300 kwa saa: 375 gawa kwa 300 ni saa 1 na dakika 15. Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa hushusha mwendo hadi 260, na safari hufika dakika 87. Ongeza dakika 10 hadi 15 za kuruka, kupanda na kutua. Uliza pia kama ndege inatua njiani. Kituo kimoja huharibu hesabu kuliko upepo wowote.