Klachi ya Subaru na Evo za mkono wa pili: vile mimi huipima kabla mteja hajatoa pesa

Salaam wandugu. Wiki hii pekee nshaletewa gari mbili hapa gereji, zote manyuali zote turbo, na wenyewe wote wawili wamekuja ugonjwa wameshaupa jina: fundi, klachi pleti imeisha. Moja kweli ilikuwa imeisha. Ya pili nilibadilisha masta ya chini peke yake (ile silinda ndogo ya mafuta kwenye gia boksi inayoendesha klachi) nikatoa hewa, mwenyewe akaenda zake na pleti yake ile ile na pesa ya kit, yaani seti nzima ya klachi, imebaki mfukoni. Sasa hii naandika kwa anayetaka kununua Impreza ya turbo ya Subaru, Evo ya Mitsubishi, Altezza ya Toyota ya gia sita, Type R ya Honda, gari yoyote ya aina hio ambayo ishapita mikono mitatu minne kabla ya kukufikia wewe, na kila mkono ulikuwa na mguu wake mzito.

Kwanza ujue klachi ina magonjwa mawili tu, hayo mengine ni watoto wao. Kuna HAISHIKI: umeachia pedali lakini pleti yateleza kati ya flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) na presha pleti (ile sahani yenye springi inayoibana), injini yalia gari haiendi. Na kuna HAIACHII: umekanyaga mpaka chini lakini pleti bado yazunguka na injini, gia zasaga au hazitaki kuingia. Ukishajua gari iko upande gani umeshamaliza nusu ya kazi, maana wa pili mara nyingi hata si pleti.

Hatua ya 1: ikute gari baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka mkono juu ya boneti, ukikuta moto muulize alikuwa anapasha nini. Halafu fungua, tafuta kichupa cha mafuta ya klachi. Mafuta mapya ya DOT 4 ni kama chai ya rangi iliyokosa majani, ukikuta meusi kama kahawa tungu jua hayajabadilishwa siku nyingi, na mafuta haya yavuta unyevu, sisi huku Mombasa baharini unyevu ndio hewa yenyewe tunayovuta. Maji yakiingia silinda zashika kutu kwa ndani, kutu yakata raba, masta yaanza kuvuja.

Kwenye Subaru za turbo masta ya chini imekaa juu ya gia boksi, imejificha chini ya intakula (kile kipoza hewa ya turbo), chukua tochi uchungulie. Ile raba ya vumbi iinue kidogo kwa kidole. Kavu ni sawa. Ikiwa imelowa, hio masta ishakufa hata kama pedali bado yafanya kazi. Kisha ingia ndani ya gari, inama, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta ya juu, na kapeti ya chini yake pia iguse. Watu wengi hawainami hapo, nafikiri ni kwa sababu ya nguo.

Hatua ya 2: pedali, injini ikiwa imezimwa

Kanyaga polepole mara kumi. Uzito uwe ule ule toka ya kwanza mpaka ya kumi. Pedali ikianza laini halafu ikawa ngumu kadri unavyopampu, kuna hewa au kuna mahali pavuja. Ikishuka ikabaki chini, hapo mjadala umeisha, ni masta. Pedali nzito sana kama ya lori muulize kama amefunga klachi ya resi, na jibu lake usilichukulie poa, ntaeleza mbele.

Hatua ya 3: washa, nyamaza, sikiliza

Zima redio, vioo chini, weka frii, mguu toa kwenye pedali. Ukisikia mngurumo, kisha ukikanyaga pedali ukanyamaza, hio ni beringi ya shafti ya gia boksi, na hapo waongelea gia boksi kufunguliwa, si klachi. Ikiwa kinyume chake, kimya pedali ikiwa juu na kelele ukikanyaga, hio ni rilizi beringi, ile inayoachisha presha pleti ukikanyaga. Wauzaji hupenda kusema "zote ziko hivyo". Si kweli.

Na kama umekuja na mwenzako mwambie aendelee kukanyaga na kuachia huku wewe umemulika tochi kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini) mbele ya injini, ila chunga shati na vidole, mikanda inazunguka. Ukiona puli yaenda mbele na kurudi nyuma kwa macho yako hivi, yaani pedali yasukuma krenki nzima, funga boneti sema asante uende nyumbani. Beringi za kuzuia krenki zimelika na hio injini ni ya kushushwa. Klachi nzito kupita kiasi zachangia hili, ndio maana nikasema swali la klachi ya resi si la kupuuza.

Hatua ya 4: rivasi

Hapa ndipo napenda kukaa. Injini ikiwa sailensa, yaani yaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu moja mbili tatu nne, tia rivasi. Kwenye gari nyingi rivasi haina sinkro (kile cha kusawazisha mwendo gia iingie laini) kwa hivyo haikufichi kitu, ikisaga baada ya kusubiri hivyo maana yake pleti bado yazunguka, klachi haiachii. Sasa usikimbilie kusema pleti. Rudisha frii, pampu pedali mara mbili tatu haraka haraka, jaribu tena. Ikiingia laini baada ya kupampu, shida iko kwenye mafuta: hewa, masta ya juu au ya chini. Isipobadilika kitu, shida iko ndani ya kengele ya gia boksi, ile nyumba ya chuma inayofunika klachi: foki (mkono unaosogeza rilizi beringi) imepinda au kupasuka, pleti imejikunja, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili imekwama.

Jaribio jingine dogo, pahali tambarare: tia gia ya kwanza, shikilia klachi chini dakika nzima, mguu wa pili ukae juu ya breki bila kukanyaga. Gari ikianza kujivuta yenyewe kidogo kidogo, raba ya ndani ya masta ya juu yapitisha mafuta. Hii haitoi tone hata moja nje kwa hivyo kwa macho hutaiona kamwe.

Hatua ya 5: barabarani, na gari ipate moto

Mimi hili nimelilipia kwa pesa yangu kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Nilinunua Impreza yangu asubuhi, nikaizungusha Nyali dakika kumi, yashika vizuri, nikatoa pesa. Jioni naenda Ukunda. Foleni ya feri ya Likoni mnaijua, nusu klachi saa nzima, sogea simama sogea simama. Na siku ile maji yalikuwa yamekupwa, na mnajua maji yakikupwa ile njia ya kutoka kwenye pantoni inakuwa kilima. Natia gia ya kwanza, naachia, mshale wa rpm wapanda elfu tatu, elfu nne, gari imesimama pale pale inatetemeka, harufu kama ya mkate uliosahauliwa kwenye oveni, nyuma yangu tuktuk na lori la mchanga na abiria elfu wanapita ubavuni kila mmoja ana ushauri wake. Vijana wa mikokoteni ndio walionisukuma, na walinicheka mpaka juu.

Niliposhusha gia boksi pleti ilikuwa nene, karibu mpya! Lakini imelowa oili. Nyuma ya flaiwili kwenye injini nyingi za EJ, hizi za Subaru, kuna kifuniko, cha plastiki kwenye injini nyingi, chapinda kwa joto na oili yapita pole pole yaanguka kwenye klachi. Ikiwa baridi yashika, ikipata moto yateleza. Yule aliyeniuzia alikuwa ameweka pleti mpya juu ya uvujaji ule ule.

Kwa hivyo: endesha angalau nusu saa kwanza, pamoja na foleni kama ipo. Kisha tafuta barabara iliyo wazi, mimi hupenda kupandisha Mazeras kwa sababu mlima wasaidia. Gia ya nne au ya tano, gari ikiwa kama 60, rpm kama elfu mbili, kanyaga mafuta mpaka chini. Angalia mshale wa rpm na mshale wa spidi. Ikipanda pamoja, sawa. Turbo ikiingia pale elfu tatu na kitu halafu rpm ikaruka peke yake spidi ikabaki nyuma, inaslipu. Usijaribu hili kwa gia ya kwanza au ya pili, gia ndogo yaficha, gia kubwa ndio yaweka mzigo kwenye klachi. Na usizidishe 110, kipimo chako kitaisha kabla hujafika huko.

Lile jaribio la handibreki juu, gia ya tatu, achia pedali uone kama injini yazima, ni zuri lakini mara moja tu, na injini ikichelewa kuzima kanyaga klachi haraka. Kurudia rudia ni kumuunguzia mtu klachi yake.

Ikitetemeka wakati wa kuondoka, uliza ilikaa muda gani bila kuendeshwa. Gari iliyolala miezi karibu na bahari flaiwili yafanya kutu juu juu, yatetemeka siku mbili tatu halafu yaacha. Isipoacha ni oili kwenye pleti, au flaiwili ishaungua ina madoa ya bluu, au maunting za injini (zile raba zinazoishikilia) zimechoka. Maunting angalia kwanza, ni rahisi zaidi.

Hatua ya 6: ukishanunua na gia boksi ikashuka

Ikishuka mara moja badilisha vyote: pleti, presha pleti, rilizi beringi, beringi ya katikati, oili sili ya nyuma ya krenki, na kile kifuniko cha plastiki weka cha chuma. Usimsikilize anayesema beringi bado nzuri, gharama kubwa ni kushusha, si beringi. Flaiwili ikaskimiwe mashine, yaani uso wake usawazishwe, isipokuwa ile ya vipande viwili yenye springi ndani kama za gari nyingi za Ujerumani, hio haiskimiwi ovyo, yapimwa mchezo wake na ikizidi yabadilishwa. Vumbi la klachi kuukuu usilipulize kwa kompresa, lingine lina asbesto, futa kwa kitambaa kibichi na uvae barakoa.

STI (Impreza ile kali) ya gia sita na Evo toka ya nne mpaka ya tisa rilizi beringi yao huvuta badala ya kusukuma, imejifunga kwenye presha pleti. Kwenye Subaru lazima uchomoe pini ya foki kupitia lile tundu la ubavuni kabla hujatenganisha gia boksi. Nimeona foki zimepindwa na vijana waliokuwa wanavuta gia boksi kwa nguvu wakidhani imeshika kutu.

Kuhusu klachi za resi za vipande vya shaba: kama gari yako haijaongezwa nguvu, achana nazo. Zashika kama switi ya taa, ipo au haipo, na ukiwa foleni ya Likoni au Changamwe utajuta. Pleti ya kawaida yenye presha pleti ngumu kidogo yatosha watu wengi.

Bolti za presha pleti kaza kwa kupishana, kidogo kidogo kuzunguka, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Pleti iweke katikati kwa ile fimbo ya plastiki inayokuja na kit, na uhakikishe mafuta ya grisi kwenye meno ya shafti ni kidogo sana, ukipaka kama wapaka siagi yatarukia kwenye pleti ukaanza upya.

Baada ya hapo kilomita 500 za mwanzo endesha kistaarabu mjini, hakuna kuondoka kwa fujo rpm ikiwa elfu tano, hakuna kumvutia mtu gari yake kwa kamba. Na kama nyumbani ni Likoni, wiki ya kwanza angalia maji kwanza, yakiwa yamekupwa ngoja yajae au zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.