Kompyuta umeiunda mwenyewe na kila saa skrini ya bluu? Anza na ramu (vile vipande vya kumbukumbu)

Umenunua vipande kidogo kidogo, ukafunga, ikawaka, ukafurahi, alafu siku ya pili paap, bluu, ile skrini ya kosa ya Windows, inajiristati, dakika ishirini tena bluu. Inauma maana pesa ya hivyo vipande hukuiokota. Ila tafadhali usianze kuinstoli Windows upya mara tatu, kwa mashine mpya kosa mara nyingi liko kwenye vifaa vyenyewe.

Kwanza soma jina la kosa. Kama inaristati kabla hujasoma, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kule Startup and Recovery toa tiki ya Automatically restart. Windows 11 za tangu 2025 skrini imekuwa nyeusi, ni kitu kilekile. Ikisema MEMORY_MANAGEMENT shuku ramu, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR shuku prosesa (ile chipu kuu), joto au powasaplai (boksi linalogawa umeme ndani), ikitaja faili la .sys hapo kuna harufu ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa. Na kama leo inaleta jina hili kesho lile, mimi naenda kwa ramu moja kwa moja.

Ingia bayosi (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uzime XMP, kwa AMD mpya inaitwa EXPO. Wengi hawajui kwamba XMP ni kuisukuma ramu kupita kawaida yake, ramu ya DDR4 ya spidi 3200 ukiizima XMP inaweza kushuka mpaka 2133, usishtuke. Ikikaa siku mbili bila kuanguka umempata mwizi, apdeti bayosi alafu ujaribu tena XMP.

Ikiendelea, zima, chomoa waya ukutani, toa ramu zote, rudisha moja tu. Madabodi (bodi kuu) ya sloti nne za ramu, sloti ya pili kutoka kwa prosesa ndiyo wanayotaka uanze nayo. Sukuma mpaka usikie tik, ile klipu ijifunge yenyewe. Weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, washa mashine kwa hiyo flashi, iache ipime usiku kucha, alafu ramu ya pili nayo hivyo hivyo. Kosa hata moja tu, hiyo ramu haifai. Mtoto wa dada yangu huko Busia alihangaika wiki nzima na Windows, tulipopima ramu moja moja ile ya pili ikajaa mistari myekundu kabla chai haijapoa, dukani walikataa mwanzo, tukawaonyesha picha ya ile skrini wakabadilisha. Kwa hiyo piga picha, na risiti usitupe!

Umeme nao jamani. Volti zetu 240 za kwenye karatasi, lakini jirani akiwasha mashine ya kusaga unaona taa inafifia, weka stebilaiza au UPS (ile ya betri). Kujua kama ni umeme, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute tukio la Kernel-Power 41, ndani yake BugcheckCode ikiwa 0 basi mashine ilizimika tu bila skrini ya bluu, angalia powasaplai na ile waya ya pini nane juu karibu na prosesa kama imeingia yote.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kilitibu. Na kama kila ramu peke yake ni safi ila zikiwa mbili inaanguka, toa prosesa polepole uangalie pini kwa tochi ya simu, moja iliyopinda inatosha kuua sloti nzima ya ramu.