Hilux ya petroli inayotoa P0171: pima presha kabla hujanunua pampu

Hilux yenye injini 3RZ-FE, ile ya lita 2.7 silinda nne, ikiwasha taa ya injini kwa kodi P0171, ushauri wa kwanza utakaosikia ni "badilisha pampu". Mara nyingi pampu ya mafuta haina kosa. Kodi hiyo inasema jambo moja tu: kompyuta imeongeza mafuta hadi ikafika mwisho wa kuongeza, na bado sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona hewa imezidi. Hewa imeingilia wapi, au mafuta yamekwama wapi, hilo kodi haijui.

Maelezo haya yanafaa pia Prado na Tacoma za injini hiyo hiyo. Usiyahamishie namba zake kwenye gari lingine. Chevrolet za 1996 hadi 2000 zenye V8 Vortec ya lita 5.7, kwa mfano, zinataka presha ya mafuta ya psi 60 hadi 66, na zikishuka hata kidogo chini ya hapo zinaanza kugoma kuwaka. Toyota hii inatosheka na psi 38 hadi 44.

Anza na mashine ya kusomea kodi, si na supana

Kwenye mashine tafuta STFT na LTFT. Hizi ni asilimia za mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya kwanza kwa papo hapo, ya pili kwa wastani wa muda mrefu. Zijumlishe. Injini ikiwa imepata moto, andika jumla hiyo mara tatu: ikiunguruma taratibu, ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500, na ikipanda mlima na mzigo huku msaidizi akisoma.

Jumla ikiwa +25 ikiunguruma taratibu halafu ikashuka hadi +5 kwenye 2,500, hewa inavuja kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Tundu ni lile lile, lakini injini inapovuta hewa nyingi, hewa ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya jumla. Ikiwa kinyume, yaani iko sawa ikiunguruma na inapanda kadiri unavyokanyaga, basi ama mafuta hayafiki ya kutosha ama sensa ya hewa, MAF, ni chafu na inasoma pungufu. Ikiwa juu kila mahali kwa kiasi kile kile, shuku presha ya mafuta, nozeli (zinazopulizia mafuta kwenye injini) chafu au MAF.

Kuna Hilux za 3RZ zisizo na MAF, zinazopima vakyumu ya manifoldi kwa sensa ya MAP. Hizo hewa ikivuja haileti mchanganyiko hafifu, yaani hewa nyingi na mafuta machache, kwa njia ile ile: sensa inaona vakyumu imepungua, kompyuta inaongeza mafuta, na unachokiona ni injini kuunguruma juu kuliko kawaida. Kwa hiyo angalia kwanza kama kuna sensa kwenye bomba la hewa baada ya filta. Ukitafuta uvujaji kwa kanuni za MAF kwenye gari la MAP, utapoteza siku nzima.

Gari la zamani lisilo na soketi ya OBD-II, ile ya kuchomekea mashine ya kodi, lina kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa: kumweka mara mbili, kutulia, kisha mara tano ni kodi 25, yaani mchanganyiko hafifu. Hapo huna asilimia za kusoma, lakini mita ya kawaida kwenye waya wa sensa ya oksijeni inatosha. Injini ikiwa moto, volti inapaswa kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9. Ikikwama chini ya 0.2, pitishia gesi kidogo ya propani kwenye mdomo wa bomba la hewa. Volti ikiruka juu ya 0.8, sensa ni nzima na mchanganyiko kweli ni hafifu. Isipotikisika, sensa imekufa, au ekzosi inavuja kabla ya sensa na kunyonya hewa ya nje. Silinda inayomisi pia huidanganya sensa, kwa sababu oksijeni isiyoungua inapita hadi kwenye ekzosi. Maliza habari ya plagi na waya zake kabla ya kushika mfumo wa mafuta.

Hewa kwanza, kwa sababu ni bure

Mpira mkubwa kati ya MAF na throto, mlango wa hewa wa injini, hupasuka kwenye mikunjo ya chini, mahali jicho halifiki. Uvue, uupinde mkononi. Kisha mpira wa kupumulia injini wenye vali ya PCV, mipira midogo ya vakyumu, gasketi ya manifoldi, na mpira wa busta ya breki. Huu wa mwisho ubane kwa koleo laini gari likiwa limesimama: asilimia zikishuka ghafla, busta ndiyo inayovuja. Wengi hupuliza kabureta klina kwenye maungio na kusikiliza. Inafanya kazi, na inawaka moto vizuri pia juu ya ekzosi. Maji kwenye chupa ya kunyunyizia yanaonyesha uvujaji mkubwa bila hatari hiyo.

MAF isafishwe kwa dawa yake maalumu tu, iachwe ikauke. Kipimo cha haraka: ikiunguruma taratibu, isome karibu gramu moja kwa sekunde kwa kila lita ya injini, kwa hiyo kama gramu 2.5 hadi 4 hapa.

Kupima presha

Toyota hii haina tundu la kupachika geji kwenye reli ya nozeli. Unahitaji adapta ya banjo (boliti yenye tundu inayopitisha mafuta), uzi wa M12 × 1.25, na washa mbili mpya, moja kila upande wa banjo. Washa za zamani zikirudishwa huvuja, tena mara nyingi si pale pale, bali injini ikishapata moto.

Kabla ya kufungua chochote, toa presha: chomoa soketi ya pampu kwenye tangi, washa injini mpaka izime yenyewe, piga starta sekunde chache zaidi, kisha toa waya wa hasi wa betri. Weka kitambaa chini ya boliti. Kizimamoto cha unga kiwe mkononi mwa mtu, si ndani ya stoo. Taa ya balbu ya kioo usiisogeze hapo kabisa. Boliti ya banjo ikirudishwa inakazwa kwa Nm 29.

Rudisha betri na soketi. Kwenye kiboksi cha uchunguzi unganisha FP na +B, ukisoma vizuri maandishi ndani ya kifuniko, halafu washa swichi bila kuwasha injini. Pampu itazunguka na geji isome psi 38 hadi 44. Ondoa waya, washa injini. Ikiunguruma, mpira wa vakyumu wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, ukiwa umechomekwa, presha inakuwa chini ya hapo kwa psi 7 hadi 10 hivi. Ukiuchomoa na kuuziba, irudi 38 hadi 44. Mpira huo ukiwa na harufu au tone la petroli ndani, utando wa regyuleta umetoboka, lakini huo huleta mafuta mengi, sio machache. Zima injini: baada ya dakika 5 ibaki psi 21 au zaidi. Ikiporomoka, gari litakuwa gumu kuwaka asubuhi, ila hilo si chanzo cha P0171.

Hapa ndipo pampu nyingi nzima hutupwa. Geji inasoma 36, kitabu kinasema 38, pampu inahukumiwa. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hayapungui sawa na presha, yanafuata kipeuo cha pili cha presha hiyo. Kutoka psi 41 kwenda 36, mafuta yanapungua kama asilimia 6 tu, na kompyuta inayafidia bila kulalamika. Ili upungufu wa presha peke yake ulazimishe nyongeza ya asilimia 25, presha lazima ianguke hadi karibu psi 26, vakyumu ikiwa imechomolewa. Kama geji yako inasoma 36 na kompyuta inaongeza 25, tatizo kubwa liko mahali pengine, hata kama pampu nayo imeanza kuchoka.

Presha nzuri gari likiwa limesimama nayo haitoshi. Funga geji kwa mpira mrefu, ipitishe nje ya boneti na uibane kwa usalama kwenye kioo, uendeshe kwenye mlima. Filta iliyoziba hutoa presha ya kawaida ikiunguruma na 25 ukikanyaga hadi chini.

Presha ikiwa kweli ndogo

Bana mpira wa kurudisha mafuta tangini kwa koleo lililofungwa kitambaa, sekunde mbili tatu tu. Geji ikiruka kupita psi 60, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo inayoachia mapema. Ikijikongoja, rudi nyuma: filta, umeme, kisha pampu, kwa mpangilio huo.

Filta ambayo umri wake haujulikani ibadilishwe tu. Kwenye umeme, pima volti kwenye soketi ya pampu ikiwa inazunguka, soketi ikiwa imechomekwa. Volti ya betri ikiwa 13.8 na pampu inapata 11.5, hiyo pampu inazunguka polepole kwa kosa la mtu mwingine. Pima upande wa ardhi peke yake, kutoka waya wa hasi wa pampu hadi nguzo hasi ya betri: zaidi ya volti 0.5 ni kutu kwenye boliti ya chasi. Kisha pima upande wa chanya ukipitia rilei. Kurekebisha ardhi ni kusugua kwa msasa na kukaza.

Umeme ukiwa sawa, toa mpira wa kurudi, uuelekeze kwenye chupa iliyopimwa, uendeshe pampu kwa FP na +B. Ipatikane angalau nusu lita kwa sekunde 30. Ikiwa pungufu, shusha tangi. Angalia soksi ya pampu, kichujio chake ndani ya tangi, kabla ya kuilaumu pampu: petroli ya madumu huja na mchanga, kutu na maji, na soksi iliyojaa hunyonya kama pampu iliyokufa. Angalia pia mpira mfupi kati ya pampu na paipu ya juu ndani ya tangi. Ukipasuka, mafuta yanarudi tangini na presha haipandi, huku pampu ikilia kama kawaida. Ukibadilisha pampu, weka soksi mpya, na mpira wa kutumbukia ndani ya petroli, sio wa kawaida.

Presha ikiwa nzuri, hewa haivuji na MAF iko safi, zimebaki nozeli. Ohm ziwe kama 13 hadi 14 kila moja, lakini nozeli yenye ohm sahihi inaweza kuwa imeziba. Zipeleke zikaoshwe na kupimwa mtiririko kwa mashine, zote nne pamoja.

Ukimaliza futa kodi, maana LTFT ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu na itakupotosha. Endesha gari kwa mwendo mchanganyiko siku moja mbili, kisha soma tena pale pale ulipopimia mwanzo. Jumla ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, funga boneti.